Kegi ya chuma, kegi ya plastiki au makopo: bia ya kiwanda kidogo kwa baa ya Nakuru

GrillYaSection58
Wakuu, salamu. Kuna kiwanda kidogo cha bia Nairobi kinachopanuka na sasa kinatafuta baa huku Nakuru. Wamenipa njia tatu: kegi ya chuma ya lita 30 (naweka amana, narudisha tupu), kegi ya plastiki ya lita 20 isiyorudishwa, au makopo ya mililita 330 kwa katoni. Wana laga, bia ya ngano na IPA (ile bia chungu). Wanataka jibu Ijumaa. Mngechukua ipi?

MtuWaKoki
Hujatuambia kitu bado, kiongozi. Unauza kiasi gani kwa wiki? Kegi itakaa ndani ya friji, au chini ya kaunta na bia ipozwe ikipita? Kutoka kegi hadi koki ni mita ngapi? Stima ikipotea una jenereta? Na hiyo bia imepashwa moto kuua hamira, au ni hai? Bila hayo tunapiga ramli.

DadaKimea
Na kiwanda ni kipi? Wengine tunajua nani hupeleka mzigo ukiwa baridi na nani huurusha kwenye buti la probox.

GrillYaSection58
Kiwanda sitaji mpaka tukubaliane. Jumatatu hadi Alhamisi chupa 8 hivi kwa siku, Ijumaa hadi Jumapili 30 kwa siku. Nina kipoza cha kaunta cha mtumba, kile cha tangi la maji na barafu, kegi inakaa chini sakafuni. Nilifikiria koki nne, zinapendeza kwa macho. Bia haijachujwa wala kupashwa moto, wanajivunia hilo.

MtuWaKoki
Chupa 122 za nusu lita, lita 61 kwa wiki. Ukigawa kwa koki nne, kila kegi ya lita 30 inakaa wiki mbili. Si mbaya, mradi iwe baridi muda wote.

MerutoMoshi
Subiri kidogo mkuu. Hizo chupa ni za bia gani?

GrillYaSection58
Tusker na White Cap hasa.

MerutoMoshi
Ndiyo hapo. Hayo ni mauzo ya laga ya bei ya kawaida, si ya bia ya kiwanda kidogo. Ukipata robo ya wateja hao wahamie bia ghali umefanya vizuri sana: lita 15 kwa wiki. Kwa koki nne, kegi moja itakaa wiki nane. Bia hai ya ngano ikifika wiki ya nane hata mwenye kiwanda hatainywa. Kwa kiasi hicho ni koki moja, au mbili kwa kegi za lita 20. Vinginevyo chukua makopo ulale usingizi.

FundiBaridiKsm
Mimi ni mtu wa kegi, lakini hicho kipoza ndicho kikwazo. Kipoza cha kupitisha kinafaa laga iliyopashwa moto. Kegi inabaki kwenye joto la chumba, tuseme nyuzi 22, na ili gesi isitoke kwenye bia yenye ujazo 2.5 (lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya bia) unahitaji karibu psi 29 (psi ni kipimo cha mgandamizo) kwa chati ya usawa wa bahari. Bia hiyo hiyo kwa nyuzi 3 inataka 11 tu. Nakuru iko mita 1,850 juu, hewa ni nyepesi, na geji husoma tofauti kati ya mgandamizo wa ndani na wa hewa ya nje, kwa hiyo unaongeza karibu psi 3: 14 kwenye friji, 32 sakafuni. Wengi hawajui hilo, wanaweka 11 kama walivyosoma mtandaoni, na baada ya siku tatu wanalalamika bia ni povu kwanza kisha maji. Gesi inatoka ndani ya kegi polepole.

Na huko juu gesi hutoroka haraka zaidi kwenye glasi. Waombe wakujazie ujazo 2.3 badala ya 2.5.

DadaKimea
Hapo kwa bia hai ndipo kuna hatari kuliko povu. Kuna baa moja Eldoret ilipokea kegi sita za IPA, zikakaa stoo siku tisa kwa joto la nyuzi 24 kwa sababu friji ilikuwa imejaa soda. IPA hiyo iliwekwa hopsi nyingi, yale maua ya kuipa bia uchungu, baada ya kuchachuka. Hopsi mbichi zina vimeng'enya vinavyovunja wanga mgumu ambao hamira haikuweza kuula. Wanga ukishakuwa sukari, hamira iliyobaki inaamka. Gramu 4 tu za sukari kwa lita zinaongeza ujazo mmoja mzima wa gesi. Kutoka 2.5 unafika 3.5, na mgandamizo kwa nyuzi 3 unakuwa mara mbili ya ule wa mwanzo.

Mhudumu alipofungua ya kwanza ilikuwa povu tupu. Akafanya kile kila mtu hufanya: akapunguza gesi kwenye regulata. Kosa! Ukishusha mgandamizo, gesi iliyozidi inatoka kwenye bia ndani ya mpira na povu linaongezeka. Akashusha tena. Wakamwaga karibu nusu ya kila kegi. Iliyobaki ilikuwa na harufu ya siagi, maana hamira ikiamka upya hutoa hiyo harufu, na bila muda wa kutosha haiisafishi. Kiwanda kikasema kosa ni la stoo, baa ikasema kosa ni la kiwanda. Wote walikuwa na hoja: kiwanda kingengoja uzito wa bia (unaoonyesha sukari iliyobaki) usimame siku tatu mfululizo kabla ya kujaza, na baa ingeweka kegi baridi siku ile ile.

Dawa yake ilikuwa rahisi: funga gesi, poza kegi hadi nyuzi 2, vuta valvu ya kutolea hewa kwenye kapla (kile kichwa kinachofungwa juu ya kegi) kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, siku mbili hivi, kisha rudisha psi 14.

MtuWaKoki
Dada umemaliza. Ila ile ilikuwa IPA. Laga yao isiyo na hopsi za baadaye haina shida kubwa hivyo. Grill anza na laga kwenye koki, IPA kwenye makopo.

DadaKimea
Makopo ya IPA ile ile yakiachwa kwenye joto yanavimba pia. Kopo halina valvu.

KegiNiKegi
Mnasahau kitu kikubwa. Nakuru ukiandika neno "kegi" ubaoni, watu wanafikiri Senator. Hiyo imeuzwa kwa mapipa tangu 2004, ya mtama, kwa vikombe, ikiwa na nafuu ya ushuru ili watu waache chang'aa. Mtu akiona bei ya glasi yako atauliza kama umechanganyikiwa.

MerutoMoshi
Basi aandike jina la bia na mtindo wake, neno kegi aliache stoo. Dar, kiwanda kidogo cha Crafty Dee's hakina shida hiyo.

KegiNiKegi
Kampala kuna Banange, Kigali kuna Kweza. Nairobi kuna Sierra, 254, Bateleur na wengine. Wote wanalia jambo moja: hopsi zinatoka nje na bei inapanda na dola.

MerutoMoshi
Zitaendelea kutoka nje. Hopsi inataka siku ndefu za kiangazi ikue kwanza, ndipo itoe maua siku zikianza kufupika, sisi tuko ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Afrika Kusini wanalima kule George kwa sababu walizalisha mbegu zinazovumilia siku fupi, mfano Southern Promise na African Queen, na bado wako mbali kusini kuliko sisi. Wachagga walishatatua hili zamani: mbege ina ndizi, kimea cha ulezi, na uchungu unatoka kwenye gome la msesewe. Kwa nini viwanda vidogo visiujaribu?

DadaKimea
Sina hakika kama uchungu wa msesewe unazuia bakteria wa uchachu kama wa hopsi. Mbege huchacha ndani ya siku chache, ndiyo maana inanyweka ikiwa mpya. Kwa kegi ya wiki mbili sioni ikifanya kazi.

MerutoMoshi
Mbege haikukusudiwa kukaa wiki mbili dada yangu! Umeihukumu kwa kosa lisilo lake.

FundiBaridiKsm
Turudi kwa Grill kabla ya Ijumaa. Kegi ya plastiki: uliza kama ni ile yenye mfuko ndani, ambayo gesi inabana mfuko na haigusi bia. Faida ni mbili: hakuna tupu ya kusafirisha kilomita 160 kurudi Nairobi, na unaweza kusukuma kwa kompresa ya hewa ya kawaida. Hasara: mara nyingi kapla yake ni ya pekee, si zile za aina ya S au D za kegi za chuma, na tupu ni lazima itolewe mgandamizo kabla ya kutupwa. Usiiache juani.

Ukienda na chuma, uliza kapla ni S au D, usinunue kwa kubahatisha. Mtungi wa gesi uwe na regulata ya CO2, siyo ile ya gesi ya kupikia. Kilo moja inasukuma takriban lita 200. Mtungi uufunge kwa mnyororo, na chumba kiwe na hewa. Kegi ikifika, iache itulie siku nzima kwenye baridi kabla ya kuifungua.

Mpira wa kipenyo cha ndani 4.8 mm: chati itakuambia mita 1.3 inatosha kwa psi 14 na koki iliyo mita moja juu. Usiiamini, bia itatoka kwa kasi mno. Anza na mita 3, ukiona inatoka polepole kata sentimita 15 kila mara. Glasi ya nusu lita ijae kwa sekunde 8 hivi.

MtuWaKoki
Na usafi. Kila wiki mbili: maji, kisha kostiki (dawa kali ya kusafishia) ya asilimia 2 yenye uvuguvugu, izungushwe kwa pampu dakika 15, suuza mpaka maji yasiwe na utelezi, jaribu kwa karatasi ya pH. Koki ifunguliwe yote na kupigwa brashi. Glavu na miwani lazima. Mhudumu atakayefanya hivyo una naye?

GrillYaSection58
Ninaye mmoja, anasoma usiku. Kwa hiyo mnasema koki moja ya laga na makopo ya IPA? Kipoza cha mtumba je, niuze?

MerutoMoshi
Mimi naegemea makopo yote.

FundiBaridiKsm
Usiuze, kitafaa ukileta laga iliyopashwa moto. Kwa bia hai tafuta friji, ondoa thermostati yake, weka kidhibiti cha joto cha nje na kihisio chake ndani ya chupa ya maji, uweke nyuzi 3. Lakini pima kwanza: kegi za lita 30 ziko nene fupi na nyembamba ndefu, na kapla juu yake inaongeza sentimita kadhaa. Waulize wanatumia ipi.

GrillYaSection58
Nimewapigia, wanasema zipo za aina zote mbili, inategemea ile iliyorudi.