Mikrogramu kwenda slagi: masafa yanatoka pungufu, nimekosea wapi?

springi_ndogo
Wakuu, nina modeli ya springi yenye tungamo la mikrogramu 250 kwenye ncha. Springi yenyewe nimeichukulia haina tungamo. Modeli yote iko kwa inchi, lbf (paundi ya kani) na sekunde. Ugumu wa springi ni 10 N/m, nimeuingiza kama 0.0571 lbf/in. Tungamo nimeligeuza kuwa slagi: kilo 2.5 × 10⁻⁷ ÷ 14.5939 = 1.713 × 10⁻⁸. Programu inanipa 291 Hz, lakini kwa mkono nikitumia SI napata 1,007 Hz. Sifuri nimezihesabu mara tatu.

Mtetemo
Sifuri ziko sawa, mkuu. Gawa 1,007 kwa 291, utapata 3.46, ambayo ni kipeuo cha pili cha 12. Namba hiyo ikijitokeza, jua futi imeingia mahali pa inchi.

Slagi ni tungamo ambalo kani ya lbf 1 hulipa mchapuko wa *futi* 1 kwa sekunde mraba. Modeli yako haijui futi. Inataka tungamo linalopata mchapuko wa *inchi* 1, yaani slagi 12, sawa na kilo 175.1268. Wamarekani huiita slinchi, na kwenye vitabu vingi haina jina kabisa, inaandikwa tu lbf·s²/in.

Kwa hiyo: 2.5 × 10⁻⁷ ÷ 175.1268 = 1.4275 × 10⁻⁹.

Angalia pia kwamba ugumu uligawanya kwa 175.1268 hiyohiyo, kwa sababu lbf/in 1 ni N/m 175.1268. Ndiyo maana uwiano wa ugumu kwa tungamo haubadiliki ukihama kutoka SI, na masafa lazima yatoke yaleyale. Yakitofautiana, kosa ni la vipimo, si la fizikia.

Jedwali_tu
Kwa wanaotumia Excel: =CONVERT(250,"ug","sg") inatoa slagi, kisha gawa kwa 12 kwa kuwa slinchi haimo. Mtego uko kwenye "ug". Ukisahau g ikabaki "u", Excel haitalalamika: "u" peke yake ni kipimo cha tungamo la atomu, kilo 1.66 × 10⁻²⁷, na jibu litakuwa dogo kupita kiasi. Weka seli kwenye mfumo wa kisayansi pia, la sivyo, kama imewekwa desimali mbili, utaona 0.00 na kudhani fomula imekufa. Usitumie ROUND hapa, hiyo inaua namba kweli.

springi_ndogo
Nimerekebisha, 1,007 Hz imetoka. Sasa naongeza tungamo la springi yenyewe. Ni chuma, jedwali linasema 0.284 lb/in³. Naingiza hivyo hivyo?

Mtetemo
Hapana! Hiyo ni paundi. Gawa kwa 386.09 (mchapuko wa mvutano kwa inchi), utapata 7.36 × 10⁻⁴. Ukiiacha 0.284, springi itakuwa nzito mara 386, na masafa ya sehemu inayotegemea tungamo hilo yatashuka hadi mara 19.65.

Kadi8
Kama programu ni Nastran, kuna njia ya PARAM,WTMASS,0.00259 inayokuruhusu kuacha 0.284. Lakini kizidishi hicho kinazidisha tungamo *zote*, pamoja na ile 1.4275 × 10⁻⁹ uliyokwisha kuigeuza. Ukichagua WTMASS, rudisha ncha kwenye paundi: 5.5116 × 10⁻⁷. Mimi ningeachana nayo, nibaki na slinchi kila mahali. Na kwenye kadi (mstari wa data wa Nastran) yenye nafasi za herufi 8 andika 1.4275-9 bila E, inatosha kamili. Ukiandika 1.4275E-9 ni herufi 9, haiingii.