Paka ni wako ukimpiga picha, akila kifaranga changu "huyo si wetu"

Wakazi wa Kiamunyi na Nakuru nzima, someni mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia maneno. Najua hapa ukimtaja paka kwa ubaya unaambiwa huna roho. Roho ninayo. Nisichokuwa nacho tena ni vifaranga.

Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia kama ploti nyingi za huku. Si biashara kubwa. Mayai ya nyumbani, jogoo wawili watatu wa kuuza Desemba, na kando ya banda nina matuta ya sukuma, managu na dania. Ukuta wa mawe upo, lango lipo, kuku wangu hawajawahi kukanyaga kwa mtu. Jirani wa upande wa juu, mume na mke, vijana wa kazi za ofisini, walileta paka jike mwenye mabaka, mzuri kweli, amebebwa kwenye katoni kama mtoto anayetoka hospitali. Hawakumpeleka kwa daktari wa mifugo akafungwa kizazi. Paka jike hubeba mimba miezi miwili na siku chache tu, na mtoto wake wa kike anaweza kushika mimba kabla hajatimiza nusu mwaka. Fanyeni hesabu wenyewe. Leo nikitoka alfajiri nakuta ukoo mzima umejipanga juu ya ukuta wangu unatazama banda, na mashume wa mitaa mingine wamekuja kuposa.

Ndiyo, najua ni paka. Kabla hujaniambia ni mwewe, ngoja nikueleze. Mwewe huja mchana, na akija mtaa mzima unajua: koo anapiga kelele, vifaranga wanajificha chini ya mbawa zake, jogoo anaita, watoto wanatoka na mawe. Nguchiro akiingia anaacha uchafu, kuku wakubwa kwa wadogo, damu, vichwa. Paka yeye hana fujo. Anakuja wakati ule jua limetulia na mama kuku amewatoa vifaranga kuchakura, anajilaza chini ya sukuma, anachukua mmoja, anaruka ukuta. Huoni hata unyoya. Unakuja kuhesabu jioni, wamepungua. Kesho wamepungua tena. Mwanzoni unafikiri labda wamekwama mahali, unaanza kuinua ndoo na mbao. Mpaka siku unapomkuta na kifaranga mdomoni, anakutazama machoni kana kwamba wewe ndiye uliyeingia kwake.

Nilimkuta. Nilimfuata mpaka langoni kwao nikabisha. Yule mke, binti mdogo tu, akatoka na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Paka wako amechukua kifaranga changu sasa hivi. Yule pale, chini ya gari lenu."

Akainama, akachungulia. "Aki pole mama. Lakini huyo si wetu. Anafanana tu na wetu."

Si wao! Paka ana kola nyekundu. Jumapili iliyotangulia nilimwona kwenye stetasi yake ya WhatsApp, amelala kwenye kochi, na maneno ya mapenzi chini yake. Nikamwambia hivyo hivyo. Ndipo akabadilisha wimbo: "Sasa mama, paka hafungwi. Ni hali yake kutembea. Hata majuu paka wanatembea tu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, wala si kwenye kifaranga. Kifaranga nitanunua mwingine. Mbuzi wa mtu akiingia kwenye mahindi ya mtu, fidia inatoka, na hakuna anayeitia wakili. Ng'ombe vivyo hivyo. Mbwa akiuma mtu, mwenyewe anatafutwa siku hiyo hiyo, anaulizwa cheti cha chanjo, analipa, na asipolipa anaitwa kwa chifu. Ni paka peke yake katika Kenya hii ambaye ana mwenyewe wakati wa kubembelezwa na hana mwenyewe wakati wa hasara. Ukimfukuza kwa ndala, mwenyewe anatokea mbio: "Mama usimuumize!" Ukileta hesabu ya vifaranga, mwenyewe ameyeyuka.

Na vifaranga ni sehemu tu. Kuna mavi. Paka hupenda udongo laini, na udongo laini mtaani ni wa aina mbili: matuta ya mboga na lundo la mchanga wa mjenzi. Tuta langu la dania nimelitifua mwenyewe kwa mkono, wao wanalitumia kama choo. Dania ni mboga unayokatia kwenye kachumbari ikiwa mbichi. Wataalamu wanasema paka anaweza kutoa kwenye mavi yake vijidudu vya toksoplazima, kwamba vinahitaji siku moja hadi tano hivi kwenye udongo ndipo viwe na uwezo wa kuambukiza, na kwamba vikishakomaa vinaweza kudumu humo miezi mingi. Mtu mwenye afya mara nyingi hahisi kitu. Mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika macho au ubongo. Mpangaji wangu ana mimba. Sasa nimwambie asichume dania kwa sababu paka wa jirani "ni hali yake kutembea"? Na mchanga wa ile nyumba inayojengwa pale kona, watoto wa mtaa wanacheza humo kutwa, wanajenga vijumba, wanatia vidole mdomoni.

Usiku sitaki hata kuueleza. Mabati yangu yamekuwa ukumbi wa harusi zao.

Halafu likatokea la mjukuu. Alijaribu kumshika mmoja wao, akaparuzwa mkono mpaka damu. Mtoto kumsumbua paka ni kawaida, simlaumu paka kwa hilo. Tulimwosha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni robo saa nzima, kama inavyotakiwa, kisha nikaenda kuuliza swali moja tu: amechanjwa kichaa cha mbwa? Kimya. Mume akasema nadhani. Unadhani? Visa vingi mno vya watu kuambukizwa ugonjwa huo hutokana na mbwa, Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99, sikatai. Lakini paka naye huupata na huambukiza, na ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo huwezi kukaa ukisubiri. Tukaanza sindano, na hizo si moja, ni za kurudi tena na tena kwa wiki kadhaa. Nauli yangu, pesa zangu, kazi ya binti yangu imelala. Cheti cha chanjo ya paka mpaka leo sijakiona. Nchi hii ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, na ina mpango wa taifa wa kuwafikisha watu mahali pa kutokufa kwa ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Wenzetu wa Kisumu na Siaya walikuwa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza nao. Na huku kwetu mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu anasema nadhani!

Nikapeleka jambo kwa mzee wa Nyumba Kumi. Mtu mwema, simdharau, ana shughuli nyingi. Alinisikiliza, akacheka, akaniambia, "Mama, paka wa nyumba haingwa." Wakacheka wote pale kibarazani. Nikamjibu: haingwi, hafukuzwi, kwenye nyumba yake, mzee, hapa tunazungumzia nyumba yangu. Akasema atawaita tuzungumze. Bado nangoja.

Sasa lililonifanya niandike leo. Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, baada ya mimi kulalamika, mmoja wetu (jina lako ninalo, sitalitaja) ameandika dawa ya paka ni rahisi, weka sumu kwenye matumbo ya samaki uweke ukutani, na watu wakaweka vidole gumba. Vidole gumba vyote vile! Mimi ndiye mwenye hasara na nasema HAPANA. Kwanza kumtesa mnyama ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na kufa kwa sumu ni mateso, muulize yeyote aliyewahi kuona mbwa akifa hivyo. Pili, sumu haisomi kola. Itaokotwa na kuku wangu, itaokotwa na mbwa wa mlinzi, itaokotwa na mtoto. Paka atakufa kwenye dari ya mtu na mtafute harufu wiki nzima. Na tatu, paka hajafanya kosa lolote, amefanya upaka. Mwenye kosa ana miguu miwili na anaendesha gari.

Turudi kwenye hilo la majuu, maana linanichoma. Mwanangu amenitafutia. Canberra, makao makuu ya Australia, paka yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 hatakiwi kuzurura, akae ndani au kwenye kizimba cha uani. Mji wa Walldorf huko Ujerumani mwaka huo huo wa 2022 uliamuru paka wa upande mmoja wa mji wafungiwe kuanzia Mei mpaka mwisho wa Agosti, kisa ni aina moja ya ndege mdogo anayetaga chini, na waliobaki ni wachache. Faini ya kumwachia ilikuwa euro 500, na akiua ndege hao inapanda mpaka 50,000. Uingereza wanatembea, kweli, lakini England tangu Juni 2024 kila paka wa kufugwa lazima awe na chipu chini ya ngozi yenye habari za mwenyewe, kwa hiyo hakuna cha "anafanana tu na wetu". Na Marekani mwaka 2013 watafiti walikadiria kwamba paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka, na wengi huuawa na paka wasio na mwenyewe. Paka wasio na mwenyewe wanazaliwa na nani kama si na wale ambao wenyewe walikataa kuwafunga kizazi?

Hata hapa kwetu si kuku tu. Wale ndege wadogo, chozi, waliokuwa wakija kwenye maua ya uani siwaoni tena kama zamani. Walio Mwariki na Lake View, mnaopakana na ua wa mbuga ya Ziwa Nakuru, hebu mfikirie: ule ua haumzuii paka, na paka wa nyumbani akikutana na kimburu wa porini wanazaa, maana asili yao ni moja. Hilo ni somo la siku nyingine.

Ninachotaka si kikubwa. Paka wako afungwe kizazi. Achanjwe na cheti kiwepo, si nadhani. Usiku alale ndani, na msimu wa vifaranga nikikuomba umfungie mchana pia usinitazame kama nimekuomba figo. Ukiona hayo yote ni mzigo, basi lipa anachokula. Daktari wa mifugo si nadra hapa, Egerton pale Njoro wanawafundisha kazi hiyo, na mjini wapo.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Wewe uliyesema nifunge kuku wangu: wamefungwa. Wako ndani ya ukuta wangu. Unataka niweke paa juu ya ploti nzima?

Uliyesema bila paka panya watatumaliza: sijasema watu wasifuge paka. Panya wa kwako wako kwenye stoo yako usiku, basi mfungie humo humo stoo afanye kazi. Na msinidanganye kwamba akishiba hawindi. Wa jirani anakula chakula cha pakiti cha supamaketi na bado anawinda, anawinda kwa raha zake.

Uliyesema nina wivu kwa sababu wao ni vijana na wana gari: sawa.

Uliyeniuliza kama nauza: jogoo wapo, njoo Jumamosi. Vifaranga hapana.

Aliyeshauri waya ule wenye matundu madogo, wa kuanikia kahawa, asante, ndilo jibu la maana kuliko yote humu. Waya wa kuku wa kawaida paka anapitisha mkono na kuvuta. Anayejua duka la mjini lenye bei ya haki aiweke hapa, na kama fundi wa mbao anajua kutengeneza kizimba cha kusogeza, kile unachokihamisha kwenye nyasi vifaranga wapate jua, aweke bei yake pia.

Na jirani, najua unasoma, mumeo yuko humu tangu zamani na jina analotumia tunalijua. Fundi akija kwangu, mlango wa kwako ni hatua chache. Anaweza kukupimia kizimba cha paka siku hiyo hiyo. Mbao na waya ni juu yako.