Mjadala: Tunawahimiza vijana wageuze wanachokipenda kiwe biashara. Sisi wa nyumbani tunawalipa?

Mwanzisha mada, Magomeni, Mtwara

Habari zenu ndugu zangu wa Kusini. Naleta hoja, naomba tuijadili kwa heshima.

Wiki iliyopita mtaani kwetu kulikuwa na mkutano wa vijana na wazazi. Mgeni aliyealikwa alisema ajira hazitoshi, kila kijana ana kitu anachokipenda, basi akigeuze kiwe biashara, na familia imuunge mkono. Tukapiga makofi, na mimi nikapiga. Nilipofika nyumbani nikafungua daftari la mtoto wa dada yangu, na tangu siku hiyo sijatulia.

Binti huyu ana miaka 22, anaishi kwangu. Tangu akiwa darasa la tatu, akishika kichwa cha mtu hakiachii. Leo anasuka kila mtindo, kuanzia twende kilioni ya mtoto wa shule mpaka rasta ndogondogo zinazokula siku nzima. Hakuna aliyemhimiza. Mwaka jana mwezi wa tano nilimwambia aandike kila kichwa anachosuka. Mwezi ulipoisha tukahesabu vichwa 23. Tisa ni vya ndugu, na havikulipa hata shilingi. Kati ya hivyo tisa, vinne rasta alinunua yeye kwa hela yake. Cha tatu kwenye orodha ni kichwa changu mimi mama yake mdogo.

Na hela aliyolipwa na wateja wa kweli nayo haikukaa. Shangazi yake alikuwa na shughuli ya kumtoa mwali: "Wewe si una hela za nywele?" Mkebe ukafunguliwa. Mdogo wake akadaiwa mchango shuleni, mkebe ukafunguliwa tena. Mwezi uliofuata hakuwa na mtaji wa rasta, akaenda kukopa kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali. Marejesho kila siku, kichwa kiwepo kisiwepo.

Kwa hiyo nasema hivi. Kuhimiza ni sawa, ila tunamhimiza asiyehitaji. Kijana anayeipenda kazi yake keshaanza. Wa kuambiwa ni sisi wa nyumbani: tulipe, halafu tutoe mikono yetu kwenye mkebe.

Najua nitaambiwa nataka kuua undugu. Sitaki. Huku kwetu mwali akitoka kila mtu analeta alichonacho. Mwenye mchele analeta mchele, mwenye kuku analeta kuku, mwenye sauti anaimba, mwenye mkono anasuka. Napenda tulivyo. Lakini mwenye mchele anatoa siku ya shughuli, basi, anarudi nyumbani kwake. Msusi anadaiwa mchele wake kila Jumamosi, mwaka mzima.

La pili ni fedha yenyewe, ambayo huku inakuja kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba, mji unabadilika. Desemba watoto wako likizo, jando na unyago kila kona, msusi hana hata muda wa kula. Ikifika Machi mtu anakuja kajifunga kitambaa, anauliza bei, anaaga. Kila biashara ndogo ya Mtwara ni mjukuu wa korosho. Waliokuwa na vibanda msimu wa 2018/19 hawajasahau. Wakulima waligomea bei za wanunuzi, serikali ikaamua kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, halafu malipo ya wengi yakachelewa wakati wa uhakiki. Muuza vitenge alilia, fundi cherehani alilia, na wote wawili hawana hata mkorosho mmoja. Sasa ukimwambia kijana aanze biashara bila kumwambia aanze mwezi gani, na atakula nini kabla minada haijarudi, umemsaidia nini?

Nauliza: ni haki kumtoza ndugu? Na kama si haki, tunawahimiza vijana wafanye biashara na nani?

Mwalimu, Nachingwea

Dada, daftari lako nimelielewa, lakini umeanzia katikati. Kwanza tujiulize kwa nini kila kijana lazima awe mfanyabiashara.

Nina wanafunzi niliowafundisha ambao wanapenda kuchomelea vyuma, wakaenda VETA, chuo cha ufundi, wakarudi na cheti. Hawataki biashara. Wanataka mtu mwenye mashine, mwenye kazi, awalipe mwisho wa mwezi. Kazi hiyo ikikosekana tunawaambia "jiajirini", kama vile kukosekana kwake ni uvivu wao. Sisi wa mikoa hii gesi tuliisikia kabla ya kuiona. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliumia na wengine wakafa kwenye vurugu za kupinga bomba la gesi, na mwaka 2015 bomba likakamilika, gesi ikaenda Dar es Salaam. Kijana aliyekuwa darasa la saba wakati ule leo ni mtu mzima. Usimwambie ndoto yake ni kuuza maandazi kwa sababu tu anapenda kupika.

Pili, mikopo ya halmashauri. Asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba, ni jambo jema kabisa. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Lakini vijana wanapewa kwa vikundi. Sasa kipaji ni cha mtu mmoja! Mmoja anapenda kufuga kuku, mwingine kushona, wa tatu kupiga picha. Nimeona vijana wanaungana kwa ajili ya fomu, wanakubaliana ni kikundi cha kuku, fedha ikitoka kuku wanahudumiwa na mmoja. Kuku wakifa, marejesho ni ya wote. Hapo undugu unakufa hata bila msusi kumtoza shangazi yake.

Halafu sahihisho dogo. Msimu si korosho peke yake. Huku kwetu ufuta unaingia sokoni katikati ya mwaka, na mfuko wa watu unapumua kidogo. Binti wako akiweza kuja Nachingwea mwezi wa sita atapata vichwa vya kulipa.

Mwanzisha mada

Mwalimu, hilo la kuja huko mwezi wa sita sikuwahi kulifikiria. Nitamwambia. La ajira nakubaliana nawe, sina ubishi. Ila yeye anasuka leo, na hela inaliwa leo.

Bodaboda, stendi ya Mkanaledi

Mimi pikipiki siipendi. Mgongo unauma, mvua yangu, jua langu. Lakini hakuna ndugu anayepanda bure mara mbili, maana mafuta anayaona yananunuliwa. Msusi mikono yake haina geji, ndiyo maana watu wanaona hajapungukiwa.

Mchongaji, mzaliwa wa Newala, sasa Dar es Salaam

Naomba nizungumze na mama mdogo wa msusi kwa upole, maana hoja yake ina upande hajauangalia.

Mimi ni mtoto wa mchongaji. Watu wanaona kinyago cha mpingo wanasema Wamakonde wana kipaji, kimo kwenye damu. Hawaoni msasa. Kinyago kikitoka kwenye tezo na patasi bado hakijawa kitu cha kuuza. Kinapigwa msasa mkali, kisha wa kati, kisha laini, halafu kinapakwa kiwi na kusuguliwa na kitambaa mpaka king'ae. Mpingo ni mgumu, vumbi lake linaingia puani, linawasha macho. Nani anapiga msasa? Watoto. Baba alichonga, sisi watatu tulipiga msasa, mama alipeleka mzigo kwa mnunuzi. Biashara ya familia hasa, kama anavyoisifu yule mgeni wenu.

Nilipiga msasa miaka minane. Nilikula, nilivaa, sikulala njaa, na baba yangu hakuwa mtu mbaya. Lakini sikuwahi kushika hela ya kinyago hata kimoja. Siku nilipoaga kwenda Dar alishangaa kweli, akaniuliza nimekosa nini nyumbani. Nilishindwa kumjibu. Leo ningemjibu kwamba nilitaka kujua mkono wangu una bei gani.

Na nikiulizwa kama napenda kuchonga, nilipenda nilipofika huku, nilipoanza kuchonga changu. Msasa siupendi mpaka leo, na bado ndio nusu ya kazi.

Kwa hiyo ukisema familia imlipe kijana, uliza pia kijana anamlipa nani. Na mtoto wa miaka kumi anayeambiwa "saidia biashara ya nyumbani" jioni ya mtihani, huyo nani anamsemea?

Mbanguaji wa korosho, Lindi mjini

Kaka mchongaji umenigusa. Nami nina watoto, wanakaa na mimi nikibangua. Nimewakataza kugusa maganda, maana yale mafuta yake yanababua ngozi, mikono yangu yenyewe ina alama. Wanachambua tu zilizokwisha kukaangwa.

Mimi nilianza kwa kupenda kupika. Nakaanga korosho na chumvi, nyingine na pilipili, watu wa nyumbani wakasema uza. Nikauza. Nikakuta kupenda kumeniingiza mlangoni tu, ndani kuna mambo mengine kabisa. Dukani wanauliza nembo ya TBS, shirika la viwango. Ili nifike TBS nikapita SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikaangaliwa ninapofanyia kazi, nikapewa barua ya utambulisho. Vifungashio vinatoka Dar, na vinagharimu kuliko nilivyodhani. Korosho ghafi nazo huwezi kumnunulia jirani kienyeji, zina mfumo wake wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka ghalani na zinauzwa kwa mnada, ukinunua pembeni unaitwa kangomba, yaani mlanguzi. Nabangua za shamba la mume wangu, zikiisha nimeisha. Haya yote hakuna aliyeniambia siku waliponiambia uza.

Sasa kwa dada wa Magomeni, swali lako la kumtoza ndugu. Nikupe tunavyofanya sisi, labda litakufaa. Ndugu akitaka korosho analipa korosho. Mkono wangu simuuzii. Yaani nimepiga hesabu ya mali iliyotumika, kuni, chumvi, mfuko, anarudisha hiyo. Jasho ndiyo zawadi yangu kwake. Mwanzo walinuna. Wifi yangu hakuja kwangu miezi miwili. Kisha akaja mwenyewe na hela mkononi, na tangu hapo hajanuna tena, maana anajua hanidai na simdai. Binti yako aseme hivyo: rasta mnunue nyinyi, kusuka nawasukia. Na shughuli ya mwali asuke bure kabisa, bila kuhesabu, kwa moyo mweupe, maana hiyo ni siku ya watu wote.

Mikebe iwe miwili. Mkebe wa nyumba unaombwa. Mkebe wa kazi hauombwi hata na mimi mwenyewe. Mtoto wangu aliwahi kuumwa usiku, nikafungua wa kazi, sikujuta, lakini niliandika deni, na nililirudisha msimu ulipoingia. Nilijidai mwenyewe kama ninavyodaiwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika.

Mwalimu, Nachingwea

Mama, hilo la ndugu kurudisha mali na wewe kutoa jasho ni zuri, lakini tuwe waangalifu. Jasho ndicho kitu pekee alicho nacho msusi. Korosho yako ina uzito, unaipima. Akitoa jasho bure kwa ndugu tisa kila mwezi, ni siku tisa hizo. Rasta ndogondogo mmesema wenyewe zinakula siku nzima.

Mbanguaji wa korosho, Lindi mjini

Kweli mwalimu. Basi awape ndugu siku. Jumatatu ni ya ndugu, wateja Jumatatu hawapo hata hivyo. Ndugu akija Jumamosi amekuja kama mteja. Hapo hakuna wa kununa, kila mtu ana siku yake.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nimemsomea binti mwenyewe kwa sauti. La Jumatatu amelishika papo hapo, amelirudia mara tatu. La rasta kununuliwa na mwenye kichwa amesema analiogopa kwa shangazi yake, nimemwambia hilo nitalisema mimi, maana nami ni mdaiwa. Kichwa changu kilisukwa kwa rasta zake pakiti nne. Nimezilipa.

Kaka mchongaji, wewe ndiye uliyeninyima usingizi. Binti huyu ana mdogo wake wa miaka 11, yule wa mchango wa shuleni. Akitoka shule anakaa pembeni ya dada yake anachambua rasta, anazipunguza ncha, anazipanga magotini moja moja ili dada asipoteze muda. Siku za Desemba anafanya hivyo tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nasifu, nasema angalia mtoto alivyo na upendo na dada yake. Kwenye daftari lile la vichwa 23 jina lake halipo popote. Jana nilimuuliza anapenda kufanya nini akiwa hana kazi. Akanitazama, akaniuliza, "Saa ngapi?"

Daftari jipya tunalifungua Jumatatu, na mstari wa kwanza ni wa kwake.