Utando wa paa la zege umegeuka manjano: ni rangi tu iliyoharibika, au na kinga ya maji?

Mpangishaji_Jinja

Ndugu wajenzi na wahandisi, nawasalimu. Nina jengo la ghorofa tatu mjini Jinja ambalo paa lake ni slabu ya zege, yapata mita za mraba 220. Miezi kumi na minane iliyopita nilimpa mkandarasi kazi ya kulipaka utando wa majimaji wa poliurethani, wenye rangi ya kijivu cheupe. Leo sehemu kubwa ya paa hilo ni ya manjano yaliyochakaa, mfano wa gazeti lililosahauliwa dirishani, ilhali chini ya jukwaa la tangi la maji, ambako jua halifiki, kijivu kipo kama siku kilipopakwa. Upande wa mashariki, ambako zamani palibandikwa karatasi za lami, pametokea mabaka ya hudhurungi yanayozidi kutanuka.

Maji hayajavuja katika chumba chochote, na hilo nalishukuru. Hata hivyo, mkandarasi ananijibu kwamba hilo ni jua tu, na kwamba dhamana yake inahusu uvujaji, wala haihusu rangi. Naomba kujua iwapo kubadilika huku ni dalili kwamba utando unakufa, na nikiamua kupaka upya, nichague nini ili nisirudi hapa baada ya mwaka mmoja.

Fundi_Mukono

Mzee, kabla ya kubishana na mkandarasi, panda juu na ndoo ya maji, sabuni ya kawaida na brashi laini. Osha kipande chenye urefu na upana wa hatua moja, kiache kikauke kabisa, kisha ukifute kwa kitambaa cheusi huku ukikikandamiza kwa kiganja. Vumbi jekundu la barabara zetu na ukungu wa kijani hutoka kwa sabuni. Kitambaa kikitoka na unga mweupe, utando umeanza kuchujuka juu. Kikitoka safi na manjano yakabaki palepale, basi rangi imegeuka ndani ya utando wenyewe.

Tazama pia kama kaloli wanatua hapo. Nimeshafanya kazi kwenye paa moja Kampala ambalo mwenyewe alilalamikia rangi mbaya, kumbe ni kinyesi cha ndege hao wakubwa kilichooka juani kwa wiki kadhaa hadi kikaacha alama ambazo sabuni haikuzitoa.

Mpangishaji_Jinja

Nimefanya hivyo jana asubuhi. Sehemu ya manjano ilitoa vumbi jekundu wakati wa kuosha, lakini baada ya kukauka kitambaa kilitoka safi na manjano hayakupungua. Kwenye mabaka ya hudhurungi sabuni haikufanya lolote. Kaloli hawatui kwangu.

Mkemia_Kampala

Kwa majibu hayo naona una matatizo mawili yasiyo na uhusiano, ingawa yametokea juu ya paa moja.

Nianze na manjano. Poliurethani hutengenezwa kwa kemikali ziitwazo isosianati, nazo ziko za jamii mbili. Jamii ya kwanza ni ya aromatiki, ambayo molekuli zake zina pete za benzini, na mifano yake ni MDI na TDI. Jamii ya pili ni ya alifatiki, kama HDI na IPDI, ambayo haina pete hizo. Mionzi ya urujuanimno inapopiga utando wa aromatiki, pete hizo huoksidika na kuzaa viini vyenye rangi ya manjano, na baadaye hudhurungi. Ndiyo maana chini ya tangi kijivu kimesalimika. Kivuli hicho ndicho ushahidi wako mkubwa: utando ni uleule pande zote mbili, kilichotofautiana zaidi ni mwanga. Nasi tuko karibu kabisa na ikweta, tena kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ambako jua la saa sita mchana hukaribia utosi mwaka mzima na angahewa ya kulichuja ni nyembamba kuliko pwani.

Je, utando unakufa? Kwa sasa sioni dalili hiyo. Umanjano huanzia kwenye tabaka la juu kabisa, na utando wa aromatiki unaweza kugeuka rangi huku bado ukinyumbuka na kuzuia maji. Watengenezaji wengi huutumia makusudi kama mkono (yaani tabaka) wa chini, kwa kuwa ni nafuu na imara, kisha huufunika kwa mkono mwembamba wa alifatiki unaobeba jua na kutunza rangi. Nashuku kwamba kwako mkono huo wa mwisho haukupakwa kabisa. Hapo jibu la mkandarasi kwamba ni jua tu ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Rudi kwenye mkataba uone kama mkono wa alifatiki ulitajwa. Ikiwa ulitajwa, huna haja ya kudai rangi, dai kazi ambayo haikufanyika.

Cha kuogopa zaidi ya manjano ni unga ule aliousema Fundi. Unga ukianza kutoka, maana yake kifungo kinachoshika rangi kimeliwa na jua, mvua inakichukua kidogo kidogo, na unene wa utando unapungua. Mwenye utando wa milimita moja na nusu anaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda. Yule aliyepakiwa nusu ya kipimo hawezi.

Mabaka ya hudhurungi ni habari nyingine. Hayo yanatoka chini, kwani mafuta mepesi ya lami iliyobaki kwenye zege hupenya utando uliopakwa juu yake, hasa ikiwa utando huo ulikuwa na viyeyusho. Ukipaka mkono mpya juu ya mabaka bila kushughulikia lami, yatarudi. Ikwanguliwe mpaka zege lionekane, au izibwe kwa praima (rangi ya kwanza ya kutayarisha uso) ambayo mtengenezaji wa utando mwenyewe ameikubali kwa kazi hiyo.

Mjenzi_Kabale

Ndugu Mpangishaji, mimi ningekushauri uachane na rangi nyeupe na za kijivu kabisa. Sisi huku tunachomelea karatasi za lami zenye changarawe ndogo za mawe juu yake, na rangi yake haitusumbui.

Mkemia_Kampala

Ndugu wa Kabale, changarawe hizo kazi yake kubwa ni kuikinga lami isipigwe na jua, na rangi inakuja baadaye. Zikipukutika, weusi hujitokeza, na pale palipojitokeza weusi ndipo nyufa zitakapoanza. Kwa hiyo hata kwenu rangi inasema jambo, ila inasema kwa lugha nyingine. Rangi nyeusi ya kaboni haififii upesi, kwa sababu inameza mionzi hiyo vizuri mno, lakini paa jeusi juani hupita nyuzi joto 60, na wapangaji wa ghorofa ya juu watakueleza maana yake.

Mpangishaji_Jinja

Wapangaji wangu tayari wanalalamikia joto, kwa hiyo nyeusi siitaki. Nikimwendea muuzaji, nimuulize nini hasa?

Mkemia_Kampala

Muulize kwanza kama mkono wa juu ni wa alifatiki, na akuonyeshe hilo kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa, wala usitosheke na neno la mdomo. Kisha muulize taarifa ya majaribio ya kuzeesha kwa taa, kama yale ya kiwango cha ISO 4892, ambapo tofauti ya rangi kabla na baada hutolewa kwa kipimo cha delta E. Tofauti ya 1 jicho huitambua kwa taabu vipande viwili vikiwekwa pamoja. Ikifika 5 hata mpita njia ataiona. Taarifa isiyotaja aina ya taa na idadi ya saa haina faida kwako, na usikubali mtu akugeuzie saa za maabara kuwa miaka ya Jinja, kwa kuwa hakuna hesabu nyepesi ya namna hiyo.

Kuhusu rangi yenyewe, nyeupe hutegemea titani dioksidi, nayo inapaswa kuwa ya aina ya rutili, kwa sababu aina ya anatasi huchochewa na mwanga na kuharakisha ule unga. Ukitaka nyekundu au rangi ya udongo, oksidi za chuma hudumu sana. Nyekundu na njano kali za kemikali za kikaboni, nyingine hupauka upesi.

Fundi_Mukono

Niongeze jambo la mkononi. Utando wa zamani ni laini kama kioo, na mkono mpya hautashika bila kuosha, kupiga msasa mwepesi na kupaka praima yake. Paka kwanza kipande cha mita moja karibu na mtaro, ukiache wiki moja, kisha ujaribu kukibandua kwa kisu. Kikitoka kama ganda la ndizi, simamisha kazi.

Mpangishaji_Jinja

Nimeusoma mkataba tena usiku huu. Ukurasa wa pili umeandika mikono mitatu, wa mwisho ukiwa "wa kukinga jua". Nimekata kipande kidogo chini ya tangi na kingine kwenye manjano, na nikivitazama kwa ubavu naona matabaka mawili tu kila upande. Vipande hivyo nimevifunga kwenye bahasha, na Jumatatu nitakwenda navyo kwa mkandarasi.