Namibia kwa gari la kukodi mwezi wa Julai: tunaomba ushauri kabla hatujalipia

Swali

Salaam ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunapanga kuizuru Namibia mwezi wa Julai kwa siku tisa, tukiwa pamoja na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67 na anayesumbuliwa na magoti. Ndege yetu itatua Windhoek saa kumi na mbili jioni. Tunakusudia kuchukua gari uwanjani na kuondoka usiku huohuo kuelekea vilima vya mchanga vya Sossusvlei, kisha mji wa pwani wa Swakopmund, kisha Hifadhi ya Etosha, halafu tushuke kusini hadi Korongo la Mto Fish kabla ya kurudi Windhoek.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, gari dogo la kawaida litatosha? Je, tubebe maji kiasi gani, na nguo za namna gani kwa joto la jangwani? Na je, mama ataweza kuifikia Deadvlei, lile bonde kavu lenye miti iliyokufa huko Sossusvlei, maana ndiyo hasa anayotamani kuiona tangu alipoonyeshwa picha zake?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, kabla ya gari na maji, naomba uondoe kabisa ile safari ya usiku. Mwezi wa Julai jua la Windhoek huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mtakapomaliza uhamiaji na kusaini karatasi za gari giza litakuwa limekwisha ingia. Uwanja wa Hosea Kutako uko kilomita 45 hivi mashariki ya mji, na hata kipande hicho cha lami hupitiwa na ngiri na tandala, ambao hurukia barabara ghafla wanapomulikwa na taa. Tandala dume ana uzito wa zaidi ya kilo 200, na akigongwa mara nyingi huingia kupitia kioo cha mbele. Isitoshe, mikataba mingi ya kukodi gari huko haifidii ajali iliyotokea baada ya jua kuzama nje ya mji. Laleni karibu na uwanja, mwondoke asubuhi.

Jambo la pili ni barabara zenyewe. Zile zinazoanza na herufi B kwa kawaida ni za lami, lakini nyingi za C na karibu zote za D ni za changarawe, na safari yenu ya Sossusvlei itapita humo kwa saa nyingi. Magari hukaa upande wa kushoto kama kwetu, jambo ambalo humfanya dereva ajione yuko nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Changarawe iliyopangika kama vijimawimbi huinyanyua gari kidogo kidogo mpaka tairi zinakosa mshiko, na dereva hatambui hivyo mpaka atakapokata kona au kukanyaga breki. Sheria inaruhusu kilomita 100 kwa saa kwenye changarawe, lakini mimi nisingependa mtu wa familia yangu azidishe 80.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mwaka wa kwanza nilipokwenda niliipindua gari barabarani, mchana kweupe, bila gari jingine karibu. Nilikuwa nimenyoosha usukani kwa nguvu baada ya tairi la nyuma kuteleza. Tulitoka salama sote watatu, lakini kampuni iliyonikodisha ilinionyesha kifungu kinachosema kwamba gari likipinduka bila kugongana na jingine, gharama ni za aliyelikodi. Kifungu hicho kilikuwepo tangu mwanzo, na mimi sikukisoma. Kisomeni ninyi, pamoja na vile vinavyohusu tairi, vioo na sehemu ya chini ya gari, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu ambavyo changarawe huharibu. Ombeni tairi mbili za akiba, na kabla hamjatoka uwanjani mfungue moja ninyi wenyewe ili mjue jeki inakaa wapi na kama inafanya kazi. Waulizeni pia upepo wa tairi uwe kiasi gani kwenye lami, kiasi gani kwenye changarawe na kiasi gani kwenye mchanga, maana si sawa.

Korongo la Mto Fish liacheni kwa safari nyingine. Kutoka Etosha hadi huko ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mtazitumia siku zenu zote mkitazama kioo cha mbele.

Jibu la pili

Naungana na kaka aliyetangulia, na ningependa kuongeza kuhusu mama, kwa sababu nami nilimpeleka mzazi wangu.

Ndugu muulizaji, Julai ni majira ya baridi. Mchana mtavaa shati jepesi na kofia, lakini usiku jangwani joto huweza kushuka hadi karibu na sifuri, na kabla ya mapambazuko mtahitaji sweta nzito, soksi na kofia ya sufu. Swakopmund nako kuna baridi ya namna yake: mkondo wa bahari wa Benguela hutoka kusini ukiwa na maji baridi, hewa inayopita juu yake hugeuka ukungu, na asubuhi nzima inaweza kupita bila kuliona jua. Mama apate koti zuri hata kama atawaambia kwamba jangwani hakuna baridi.

Kuhusu Deadvlei, mtaingia hifadhini kwa lango la Sesriem. Kutoka hapo kuna lami ya kilomita 60 hivi hadi maegesho ya magari ya kawaida, nayo inapita kando ya kilima cha mchanga kiitwacho Dune 45, ambacho mama anaweza kukitazama kwa raha akiwa amekaa kivulini. Kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu unaohitaji gari la kuvuta magurudumu yote manne, na hata mwenye gari hilo hukwama asipopunguza upepo wa tairi. Msijaribu kwa gari dogo; yapo magari ya kulipia yanayopeleka na kurudisha wageni. Yakiwafikisha, bado mtatembea kama kilomita moja juu ya mchanga, na hapo ndipo magoti ya mama yatapimwa. Mzazi wangu aliweza kwa kwenda polepole na fimbo, tukipumzika kila alipotaka, kwa sababu tulianza mapema kabla mchanga haujapata moto. Anayelala ndani ya hifadhi huruhusiwa kupita lango la ndani saa moja kabla ya jua kuchomoza. Aliyelala nje husubiri lichomoze. Kwa mtu anayetembea taratibu, saa hiyo moja ina thamani kuliko chumba kizuri zaidi nje ya lango.

Ile miti mikavu mtakayoikuta ni migunga iliyokufa mamia ya miaka iliyopita, baada ya mchanga kuuzuia mto usifike. Haikuoza kwa sababu hewa ni kavu mno. Tafadhali msiipande wala kuiegemea kwa ajili ya picha.

Maji: msipungukiwe lita tano kwa mtu kwa siku ndani ya gari, hata kama mnatarajia kufika mapema. Mkiharibikiwa, kaeni na gari. Linaonekana kutoka mbali na linatoa kivuli, na mtu anayeondoka kwa miguu haonekani.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Tumeliondoa Korongo la Mto Fish na tumehifadhi chumba karibu na uwanja kwa usiku wa kwanza. Vipi kuhusu fedha na mafuta, na Etosha kuna lolote la kuangalia?

Jibu la tatu

Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi ya Afrika Kusini, na randi hupokewa kote nchini, ila dola ya Namibia ni vigumu kuitumia Afrika Kusini, kwa hiyo zimalizeni kabla ya kuondoka. Wekeni fedha taslimu za kutosha tenki mbili, kwa sababu mashine za kadi vijijini hukatika, na jazeni mafuta kila mnapokuta kituo, hata tenki likiwa nusu. Simu nayo hupoteza mtandao kwa masafa marefu, hivyo pakueni ramani mapema na kila asubuhi mwambieni mwenyeji mnakoelekea.

Etosha, Julai ni wakati mwema kwa kuwa mabwawa ya mvua yamekauka na wanyama hukusanyika kwenye visima. Hamruhusiwi kushuka garini isipokuwa kambini na kwenye maeneo yaliyozungushiwa uzio, na malango hufungwa jua linapozama. Mama aketi jioni kando ya kisima cha kambi ya Okaukuejo, ambacho huangazwa kwa taa usiku. Tembo na vifaru huja kunywa maji mbele ya mtu alipokaa, bila yeye kupanda gari wala ngazi. Kaskazini kuna malaria, hivyo muoneni daktari kabla ya kusafiri. Mkirudi kusini msibebe nyama mbichi, kwani uzio wa mifugo umeikata nchi kutoka mashariki hadi magharibi kwa ajili ya kuzuia magonjwa, na maafisa hukagua friji za magari.