Nishani sita za babu wa Keya: ipi inatangulia, na nani azivae?

mjukuu_wa_keya aliuliza:

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua nishani za Vita vya Pili. Familia imebaki na nishani sita za babu, aliyekuwa askari wa Keya (KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akapigana Uhabeshi na baadaye Burma. Tatu ni nyota za rangi ya shaba. Mbili ni za mviringo, nyeupe, hazina jina. Ya sita ni ya mviringo pia, ya fedha, ina kichwa cha mfalme, na ukingoni kuna maandishi madogo: namba, jina lake na K.A.R. Utepe wake umeoza, kimebaki kipande cha buluu iliyokoza chenye vistari vyeupe na vyekundu katikati.

Kwa sasa zimo kwenye fremu, nyota zimetangulia kwa kuwa ndizo kubwa, hiyo ya fedha ipo mwisho. Novemba tunataka kwenda nazo kwenye kumbukumbu ya mashujaa pale makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Zipangweje? Baba mdogo yuko jeshini, anaweza kuzivaa kwenye sare yake? Wajukuu tunaweza kugawana, kila mmoja avae moja? Na kwenye bamba la kaburi, nishani sita zinatosha kumwita "askari aliyetunukiwa kuliko wote"?

utepe_32mm alijibu:

Ndugu, kabla ya kupanga chochote geuza hiyo ya fedha uangalie nyuma. Kama kuna shada la majani, taji na herufi za mfalme, na maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa ujasiri vitani", basi fremu yenu imepinduka. Hiyo ni Military Medal, kwa kifupi MM, iliyoanzishwa Machi 1916 kwa ajili ya askari wa kawaida na manoncom (koplo na sajini), si maofisa. Utepe uliouelezea unalingana nayo: buluu iliyokoza, na katikati vistari vitatu vyeupe na viwili vyekundu. Hapo ndipo ulipo ushujaa wa babu. Zile tano zinasema alikuwa wapi na kwa muda gani.

Nazo ni hizi, kwa kukisia kutokana na safari yake: Nyota ya 1939–1945, Nyota ya Afrika (vita vya Uhabeshi vinahesabiwa humo), Nyota ya Burma, Medali ya Ulinzi na Medali ya Vita. Ya mwisho utaitambua kwa simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Kukosa jina si dalili ya bandia, maana Uingereza iliamua kutochonga majina kwenye nyota na medali za vita hivyo. MM ilichongwa.

Mpangilio, ukianzia upande wa kulia wa mvaaji (yaani kushoto kwako unayetazama): MM, 1939–1945, Afrika, Burma, Ulinzi, Vita. Nishani ya ushujaa hutangulia za kampeni hata ingekuwa ndogo kuliko zote.

Utepe ndio huwaumbua wengi. Tepe za Nyota ya 1939–1945 na ya Afrika hazifanani pande zote mbili: upande mmoja buluu iliyokoza, mwingine buluu ya mbingu. Iliyokoza hukaa mbali na bega la kushoto la mvaaji, kwa hiyo mtazamaji anaiona kushoto. Fundi asiyejua huzigeuza, na mzee yeyote wa jeshi ataligundua hilo kabla hujamsalimia.

Vipimo: kila utepe una upana wa milimita 32. Nishani tano hukaa bega kwa bega kwenye pini ya milimita 160. Mkiwa na sita, zilalieni kidogo: pini ikibaki 160, kila nishani inasogea milimita 25.6 kutoka iliyotangulia, hivyo kila moja inafunikwa takriban milimita 6.4. Isiyofunikwa ni MM. Na msikate tepe zote urefu mmoja. Nyota na duara hazilingani kimo, na kinachotakiwa kuwa kwenye mstari ni ncha za chini za nishani.

mlinzi_wa_kabati alijibu:

Naongezea moja tu: MUSISUGUE. Najua mtu atashauri dawa ya kung'arishia shaba ili zimetemete Novemba. Dawa hizo zina chembe za kukwangua, na kitu cha kwanza kuondoka ni maandishi ya ukingoni, ambayo ndiyo ushahidi pekee kwamba MM ni ya babu yenu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Vidole navyo vina jasho na chumvi, shikeni kwa ukingo au mvae glavu za pamba.

Kwenye fremu, tepe zishonwe kwa uzi, zisigundishwe. Msitumie mifuko ya plastiki laini ya PVC, inatoa kemikali inayoacha utando wa kijani kwenye metali. Kadi ya nyuma iwe isiyo na asidi, na fremu ikae mbali na jua. Kipande cha utepe wa zamani msikitupe, kiwekeni nyuma ya fremu ndani ya bahasha ya karatasi.

ajitanti_mstaafu alijibu:

Kuhusu kuvaa. Baba mdogo hapana. Sare ya jeshi hubeba nishani za aliye ndani ya sare hiyo tu. Akitaka kuzivaa za baba yake aje na suti.

Kwa raia, desturi ya Uingereza na nchi nyingi za Jumuiya ya Madola ni kwamba ndugu wa karibu huzivaa upande wa KULIA wa kifua. Kushoto ni kwa mwenye nishani mwenyewe. Kugawana moja moja msifanye: seti ya mtu mmoja haivunjwi, na anayevaa ni mmoja. Wengine wanaweza kubeba picha yake. Mkiogopa kupoteza, vaeni nakala na za asili zibaki nyumbani, ila nakala iwekwe alama nyuma, isije ikauzwa baada ya miaka hamsini kama ya kweli.

Herufi MM zinaandikwa baada ya jina la babu, kaburini pia. Hazirithiwi.

utepe_32mm alijibu:

Hilo la "kuliko wote" liacheni. Tano kati ya sita askari wengi waliopita Uhabeshi kisha Burma walizipata, na idadi haipimi ushujaa. Bamba lenye namba yake, cheo, jina, MM na kikosi lina uzito zaidi, na hakuna atakayelipinga.

Uthibitisho: tafuteni jina kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ambalo liko mtandaoni bure. Kwa MM litakuwa jina na namba tu, bila maelezo. Maelezo ya alichofanya, kama karatasi zilibaki, yako kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, mafaili ya WO 373. Msitafute mwaka wa mapigano peke yake. Sajini Nigel Leakey wa KAR alipigana Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941, na Msalaba wake wa Victoria (nishani ya juu kabisa ya ushujaa) ukatangazwa tarehe 15 Novemba 1945. Jaribuni pia tahajia tofauti za jina, makarani waliandika walivyosikia. Namba ya askari ndiyo haidanganyi.

Pimeni pia kipenyo cha MM kwa kalipa. Inatakiwa milimita 36. Ikipungua, na ukingo ukawa bapa kuliko kawaida, huenda jina la kwanza lilisuguliwa likachongwa jingine.

mjukuu_wa_keya alijibu:

Nimegeuza. Shada lipo, taji lipo, maneno yapo. Kalipa inasoma 36.1. Fremu tunaifungua leo.

ajitanti_mstaafu alijibu:

Piga picha ya tepe zote kabla ya kuzitoa, mbele na nyuma. Halafu angalia utepe wa Medali ya Vita: kama kuna jani dogo la mwaloni la shaba, au hata matundu mawili mahali lilipokuwa, alitajwa pia kwenye taarifa za kamanda. Jani hilo lirudi palepale.