Kuona kamera za nyumbani kwenye TV zaidi ya moja: splita, moduleta au mtandao wa ndani?

Mwenye_Banda

Wakuu habari za leo. Naomba ushauri kabla sijaanza kutoboa kuta.

Nyumba ni ya ghorofa moja. DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) ya Hikvision ya chaneli 8 iko stoo chini ya ngazi, kamera ni 6 za waya wa koaksia. TV ya sebuleni inapata picha kwa HDMI ya mita 5 na haina shida. Nataka picha hizohizo zionekane jikoni (mita 9 kwa njia ya waya) na chumbani juu (mita 18). TV ya jikoni ni inchi 32 ya zamani kidogo, haina intaneti. Ya chumbani ni Android TV. Rauta iko sebuleni, na intaneti ni ya kununua bando kwa GB, kwa hiyo sitaki kitu kitakachokula bando mchana kutwa. Baadaye ningependa na mlinzi aone kamera za nje akiwa kibandani getini, mita 40 kutoka nyumbani.

Splita ya HDMI (kigawanyio cha picha kwenda TV zaidi ya moja) inatosha, au kuna njia bora?

fundi_koaksi

Mkuu, geuza DVR kwanza uangalie nyuma. Karibu zote zina tundu la HDMI na la VGA, na kwa DVR ndogo za chaneli 4 na 8 yote mawili hutoa picha moja kwa wakati mmoja. Kama TV ya jikoni ina tundu la VGA (mara nyingi limeandikwa PC), unaweza kuipeleka picha kule bila kununua splita. Mita 9 za VGA zinafika vizuri kama waya ni mnene. Kero yake ni kichwa: ni kipana, hakipiti kwenye bomba la waya la milimita 20 lililofukiwa ukutani.

Ukiamua splita, nunua ile yenye adapta yake ya volti 5. Vile vijikebo vyenye umbo la Y, kichwa kimoja kwa viwili bila umeme, achana navyo. HDMI haigawanywi kwa kuunganisha waya tu; TV na DVR huwa "zinaongea", TV inaieleza DVR inapokea ukubwa gani wa picha. TV mbili zikijibu kwenye waya mmoja, unapata kioo cheusi au picha inayowaka na kuzima.

Kwa sababu hiyohiyo, ingia kwenye mipangilio ya DVR uweke picha inayotoka iwe 1920 x 1080, hezi 60. Usiiache ichague yenyewe. Ikitoa 4K kwa sababu ya TV ya sebuleni, ya jikoni itaandika hakuna mawimbi. Na kama ya jikoni ni ya 720p na inakataa hata 1080, shusha zote ziwe 1280 x 720. Kwa kioo cha inchi 32 tofauti hutaiona ukiwa unakata vitunguu.

Waya: HDMI ya kawaida ya shaba naiamini hadi mita 10 kwa 1080p. Kwa mita 18 za chumbani usijaribu bahati, tumia ekstenda ya HDMI kwa waya wa Cat6. Zinakuja mbili, kitumaji na kipokezi, na picha inapita kwenye waya mmoja wa mtandao. Chagua iliyoandikwa mita 50 au 60 ingawa unahitaji 18, maana namba za kwenye boksi ni za waya bora kabisa. Waya uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba (huandikwa CCA). Vichwa vyote viwili vifungwe kwa mpangilio mmoja wa rangi, T568B. Ekstenda za aina hii ni za moja kwa moja: usizipitishe kwenye swichi wala rauta, hazitafanya kazi.

Jambo la kuangalia dukani: kuna ekstenda zenye tundu la USB upande wa pili. Hizo zinarudisha mausi, yaani ukiwa chumbani unaweza kurudisha nyuma rekodi ya usiku bila kushuka stoo. Zile zenye kijicho cha rimoti pekee hazikusaidii kama DVR yako haina rimoti.

Swichi24

Nakubaliana na fundi kuhusu jikoni. Kuhusu chumbani sikubaliani. TV tayari ni Android, mita 18 za waya za nini?

DVR inatoa picha kwa RTSP (njia ya kurusha video kwenye mtandao) ndani ya mtandao wa nyumbani. Unganisha DVR na rauta kwa waya, si Wi-Fi. Ipe DVR anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.64, na hakikisha rauta haitampa mtu mwingine namba hiyo. Halafu tengeneza mtumiaji mpya kwenye DVR, mfano "tv", mwenye ruhusa moja tu: kutazama moja kwa moja akiwa mbali. Asiwe na ruhusa ya kufuta wala kubadilisha mipangilio. Nenosiri la admin usiliweke kwenye TV kamwe.

Kwenye TV weka VLC au tinyCam, kisha anwani iwe hivi:

rtsp://tv:nenosiri@192.168.1.64:554/Streaming/Channels/102

Tarakimu ya kwanza ni namba ya kamera, mbili za mwisho ni mkondo: mkuu ni wa picha kamili, mdogo ni wa picha iliyopunguzwa. 101 ni kamera ya kwanza mkondo mkuu, 102 kamera ya kwanza mkondo mdogo, 602 kamera ya sita mkondo mdogo. Wenye Dahua wanatumia /cam/realmonitor?channel=1&subtype=1, ambapo subtype=0 ni mkuu na 1 ni mdogo. Nenosiri lisiwe na alama ya @, kwa sababu programu itadhani anwani inaanzia hapo. Watu wanahangaika siku nzima kumbe ni hiyo @ tu.

VLC inaonyesha kamera moja kwa wakati. tinyCam inapanga zote 6 kwenye kioo kimoja, ndiyo maana kwa matumizi ya kila siku naipendekeza hiyo. Kwa mwonekano wa pamoja tumia mikondo midogo, karibu 512 kbps kila mmoja. Kamera 6 ni kama Mbps 3, Wi-Fi yoyote inabeba. Ukifungua mikondo mikuu sita ya Mbps 4, ni Mbps 24 mfululizo, na kwenye Wi-Fi ya 2.4 GHz inayopita zege la ghorofa picha zitaganda.

Bando: mawasiliano haya hayatoki nje ya rauta. Hata bando likiisha, hata laini ikikatwa, kamera zinaonekana. Kinachokula bando ni kuangalia ukiwa nje ya nyumba. Mkondo wa Mbps 1 ni MB 450 kwa saa, piga hesabu mwenyewe.

Na tafadhali usifungue mlango 554 kwenye rauta ili uangalie ukiwa kazini. Ni kuweka DVR yako barazani kwa dunia nzima.

MlingotiJuu

Kuna njia ya tatu ambayo huwa inasahaulika: moduleta. Inachukua HDMI ya DVR na kuigeuza kuwa chaneli ya TV ya dijitali, inayopita kwenye waya wa antena. TV yoyote yenye kipokezi cha DVB-T2 (mfumo wa TV za dijitali za antena) inatafuta chaneli na kuikuta kati ya nyingine. Moduleta nyingi za bei nafuu zinatoa DVB-T ya kwanza, si tatizo, TV za T2 zinaipokea.

Kwa TV mbili au tatu haina maana, ni gharama ya bure. Inalipa ukiwa na TV tano kwenda juu, au gesti ambayo waya za antena za RG6 tayari ziko ukutani. Chagua masafa ambayo hayana kituo eneo lako. Chaneli ya 40 ya UHF kwa mfano ni 626 MHz. Splita ya antena ya njia nne hupunguza nguvu ya mawimbi kwa dB 7 hadi 8, hiyo ni kawaida.

Makosa mawili hapa ni hatari. Kuunganisha moduleta na antena ya juu ya paa kwa T ya kawaida: mawimbi yanapanda hadi kwenye antena na kurushwa nje, jirani akitafuta chaneli anaona uwanja wako. Tumia kiunganishi chenye kizuizi kati ya njia zake. La pili ni kutumia waya wa dishi. King'amuzi kinapeleka volti 13 au 18 juu kwenye LNB (kichwa cha dishi), na umeme huo ukiingia kwenye tundu la moduleta, kwaheri.

Mwenye_Banda

Asanteni sana. Jikoni nimeweka splita yenye adapta, inafanya kazi, ila TV ya sebuleni ikizimwa ya jikoni inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu kisha inarudi. Chumbani VLC inafunguka vizuri, baada ya muda picha inachafuka rangi ya kijivu kisha inaganda. Na getini je?

fundi_koaksi

Kiza cha sekunde mbili ni splita kuuliza upya ni TV ipi ipo. Angalia ubavuni kama ina vibonyezo vidogo vya EDID (taarifa ya TV kuhusu ukubwa wa picha inayopokea), vipange kwenye 1080p isiyobadilika. Kama haina, hamishia TV ya jikoni kwenye tundu la kwanza, kwa sababu splita nyingi zinafuata TV iliyoko hapo.

Swichi24

Picha kuchafuka kijivu ni vipande vinavyopotea njiani kwa sababu VLC inatumia UDP, ambayo hairudii kutuma kilichopotea; TCP hurudia. Kwenye mipangilio ya juu, sehemu ya chaguo maalumu, andika --rtsp-tcp. Kwenye tinyCam chagua TCP katika mipangilio ya kila kamera. Ikibaki vilevile, badilisha mkondo mdogo kutoka H.265 kwenda H.264 (namna za kubana video), maana TV za bei ya chini zinachoka kufungua H.265 sita kwa pamoja.

Getini usipeleke waya wa shaba kutoka nyumbani. Mita 40 nje, radi ikipiga karibu inaingia na waya huo hadi kwenye DVR. Tumia faiba yenye vigeuzi viwili vya media, au jozi ya vifaa vya Wi-Fi vya kuelekezana vya 5 GHz. Kule weka kioo kidogo na boksi la Android, na mtumiaji mwingine, "geti", mwenye ruhusa ya kamera za nje tu; Hikvision inakubali kuchagua kamera moja moja kwa kila mtumiaji.

Umeme ukikatika, DVR, rauta, vifaa vya getini na adapta ya kamera vyote viwe kwenye UPS (betri ya akiba). Ya 650 VA yenye betri moja ya 12V 7Ah itakupa nusu saa hadi dakika 45. TV usiichomeke humo.